Mama alisema waya wa sola unauma, mimi nikambishia



Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika kitu, mpaka mdau mmoja akaniuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, nipo, bweni lilelile, kitanda kilekile cha juu, rumeti yuleyule anayekoroma kama coaster inayopanda mlima. Kilichoninyamazisha ni aibu. Leo nimeamua niitoe tu, maana nikiibakiza moyoni haitamsaidia mtu yeyote.

Habari yenyewe inahusu rilei. Kwa wale wa sheria na ualimu: rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Ukiipa koili umeme kidogo inageuka sumaku, inavuta kijibati, kijibati kinagusanisha kontakti, "tak!", na umeme mwingine mkubwa unapita. Kwa hiyo volti 12 za betri zinaweza kuamrisha volti 230 za TANESCO bila hizo mbili kukutana. Hayo maneno ya mwisho, bila kukutana, yashikeni. Ndiyo kisa chote.

Nyumbani kwetu ni Rungwe, karibu na mjini Tukuyu, upande wa Katumba kwenye chai. Anayepajua anajua mvua ya kwetu: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiponyesha kuna ukungu. Nguo unazianika Jumatatu, unazivaa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Mama anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na mwaka huu akaongeza vifaranga 100 vya chotara. Sasa kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, na usiku wa kwetu mnaujua. Mama alikuwa anaamka mara tatu usiku kuongeza mkaa kwenye chungu bandani, anarudi kulala na kikohozi cha moshi.

Mimi nikiwa likizo, mwanafunzi wa umeme mwaka wa tatu, nikasema hii kazi ni yangu. Si ndiyo maana walinisomesha?

Basi bwana, nikatengeneza mtambo. Balbu mbili nyekundu za joto, wati 250 kila moja, zinatumia umeme wa TANESCO. Kifaa kidogo cha kupima joto cha volti 12 kinatumia betri ya sola, ileile inayowasha taa za ndani na kuchaji simu. Joto likishuka, kifaa kinaamsha rilei, rilei inawasha balbu. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Lakini nikataka na mbwembwe. Rilei niliyokuwa nayo, niliyoing'oa kwenye mashine mbovu, ilikuwa ya miguu minane. Miguu miwili ni ya koili. Sita iliyobaki ni seti mbili za kontakti, kila seti na miguu yake mitatu, zinazofunga na kufungua kwa pamoja. Nikajiambia, seti moja nipitishe volti 230 za balbu, na hii ya pili nisiiache bure. Nikaipitishia volti 12 kwenda kwenye kitaa kidogo chumbani kwa mama. Balbu za bandani zikiwaka, na kitaa kinawaka. Mama akifungua jicho usiku anakiona, anajua vifaranga wako salama, anageuka upande wa pili na kulala. Wazo zuri kabisa! Nilijipiga kifua hasa.

Na mahesabu nilifanya. Rilei imeandikwa ubavuni ampea 5 kwa volti 250. Balbu zangu, wati 500 gawanya kwa 230, ni ampea 2 na kidogo. Kitaa hata hakihesabiki. Nikaona nimemaliza. Nikachomelea kila kitu kwenye ule ubao wa matundu wenye mistari ya shaba, nikautia ndani ya kopo la plastiki, nikautundika bandani. Mzee mmoja jirani yetu, fundi umeme wa siku nyingi, alipita akachungulia, akauliza, "Kijana, hiyo ya TANESCO na hiyo ya sola umezilaza kitanda kimoja?" Nikacheka. Nikamwambia mzee, humo ndani hazigusani. Akaguna, akaondoka zake.

Vifaranga wakaja, mtambo ukafanya kazi, nikarudi chuoni Mbeya nikiwa shujaa. Rumeti nilimsimulia mpaka akachoka. Nilimsimulia hata habari ya yule nondo wa Marekani, maana mwezi Septemba mwaka 1947 mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenaswa kwenye rilei, wakambandika kwenye daftari lao. (Nondo mdudu, siyo nondo za zege wala zile tunazopiga usiku wa kuamkia UE, kwi kwi kwi!) Habari za nondo wa Harvard nilizijua. Habari za vumbi la maranda ya banda la mama yangu sikuzijua.

Siku kama ya kumi hivi, simu ikaita asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sikiliza, ule waya wa kuchajia simu unauma."

"Unauma vipi mama?"

"Unauma. Nimeshika kile kichwa chake cha chuma, ukanipiga mkono mpaka kwenye kiwiko."

Wadau, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Badala ya kusema mama zima kila kitu, nikaanza kufundisha. Nikamwambia mama, hiyo ni sola, volti 12, volti 12 haiwezi kumpiga mtu shoti. Labda ni baridi, mkono ulikufa ganzi. Nikamwomba mdogo wangu achukue mita niliyoacha, apime nyaya mbili za sola. Akasoma, "12.6, kaka." Nikasema unaona mama? 12.6! Mama akanyamaza kidogo, akasema haya.

Kesho yake akapiga tena. Alfajiri, ukungu umeshuka, umeuma tena. Mchana akajaribu, haukuuma. Mimi nikasema, unaona mama, umeme hauchagui saa. Siku ya tatu akapiga kunijulia hali tu, na mwisho wa maongezi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ule waya nimeufunika na ndoo. Mtoto nimemkataza kuingia chumbani. Wewe soma baba, usiwe na wasiwasi."

Mtoto ni mpwa wangu, ana miaka minne, analala na mama chumba hichohicho. Anatembea pekupeku kutwa nzima na kila kinachong'aa anakitia mdomoni.

Sikulala. Hilo "wewe soma" lilinikaa kifuani. Mama hakubishana na mimi. Aliamua tu kuilinda nyumba yake dhidi ya mtambo wangu, kwa ndoo.

Ijumaa mchana nikakimbilia Uyole, nikapanda coaster. Isyonje, Kiwira, mpaka Tukuyu. Mlima Rungwe wote ulikuwa ndani ya wingu. Siti ya nyuma, katikati ya ndoo za parachichi, nikawa napitia mchoro wangu kichwani. Tulipofika karibu na Kiwira nikapata jibu, na mwili ukanisisimka.

Mdogo wangu alipima kati ya waya na waya. Hakupima kati ya waya na ardhi!

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo wengi tunapoingia mkenge. Volti ni tofauti ya nguvu kati ya sehemu mbili. Mkungu wa ndizi una ndizi juu na chini, na kati ya ya juu na ya chini kuna urefu fulani. Ukiuweka mkungu sakafuni au ukiupandisha juu ya paa, urefu kati ya ndizi na ndizi ni uleule. Ila ukidondoka kutoka juu ya paa utakuumiza. Sola yetu haijafungwa kwenye ardhi popote, inaelea. Volti 230 zikivuja kidogo na kuigusa, mfumo wote wa sola unapanda juu ya paa. Kati ya waya na waya bado ni 12. Taa zinawaka vizuri, simu inachaji, betri nzima. Fyuzi haikatiki kwa sababu hakuna umeme unaokimbia kwenda popote. Unasubiri tu mtu mwenye miguu juu ya sakafu yenye unyevu aje awe njia. Mama aliponea kwa sababu asubuhi anavaa buti za mvua kwa ajili ya ng'ombe.

Nilifika giza limeanza. Mama hakunilaumu, alinipokea begi, akauliza kama nimekula. Mzee fundi alikuwa pale tayari, ameitwa. Akatoa testa yake kwenye mfuko wa koti, ile ya bisibisi, akagusa chuma cha waya wa kuchajia simu. Ikawaka. Taa nyekundu ndogo, kwenye waya wa sola. Hakuna aliyesema kitu. Mpwa wangu alikuwa mlangoni anaangalia, akasema, "Babu, imewaka!" kwa furaha.

Tukazima meni swichi, tukachomoa na betri. Hili mlikumbuke: kopo lenye vyanzo viwili lina mauti mawili, kuzima kimoja hakutoshi. Nikafungua. Ndani kulikuwa na unyevu na vumbi la maranda na manyoya, limeganda kama unga. Kati ya mguu uliobeba volti 230 na mstari wa shaba wa volti 12 kulikuwa na mchirizi mweusi mwembamba kama unywele. Ni mkaa. Mistari ya shaba ya ule ubao imeachana chini ya milimita moja. Vumbi lilipopata unyevu likapitisha umeme kidogo, umeme ukalichoma, likawa mkaa, na mkaa unapitisha umeme zaidi. Ndiyo maana mwanzoni uliuma alfajiri ya ukungu tu, halafu ukaanza kuuma wakati wote.

Nikakaa chini palepale kwenye maranda. Mzee akaniambia, "Kijana, ampea ulihesabu. Umbali hukuhesabu."

Nimekuja kusoma vizuri baada ya hapo, na haya ndiyo niliyoyapata. Mwenye rilei mezani ayasome taratibu.

Kwanza, ukuta imara ndani ya rilei ni ule kati ya koili na kontakti. Rilei nzuri hupimwa hapo kwa volti 4,000 au 5,000 kwa dakika moja, na miguu yake huachanishwa makusudi. Kati ya seti moja ya kontakti na seti jirani, mara nyingi kinga ni pungufu. Inatosha kama seti zote mbili zina umeme wa aina moja. Haitoshi kulinda maisha pale upande mmoja ni volti 230 na mwingine ni waya ambao mtoto anaushika. Usipitishe volti za hatari na volti za kushikika kwenye rilei moja, labda karatasi ya mtengenezaji iseme waziwazi kuwa kinga kati ya seti na seti ni ya kiwango hicho. Kila volti na rilei yake.

Pili, hata rilei ikiwa nzuri, unaweza kuiharibu kwenye ubao kama nilivyofanya mimi. Acha nafasi. Kati ya upande wa 230 na upande wa 12, milimita 8 ni kipimo kizuri cha kujiwekea, na hakuna mstari wa shaba unaokatiza hapo. Nyaya zitokee matundu tofauti ya boksi. Na boksi lizibwe, hasa bandani.

Tatu, soma namba zote mbili ubavuni. Rilei nyingi ndogo zimeandikwa 10A 250VAC, halafu chini yake 10A 30VDC. Siyo makosa ya uchapaji. Kontakti zikiachana cheche huruka. Umeme wa TANESCO, wa mizunguko 50 kwa sekunde, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. Umeme wa sola haupiti kwenye sifuri, cheche inaning'inia na kuyeyusha kontakti mpaka zinagandana. Ukiunga paneli za sola kwa mfululizo ukapita volti 30, rilei hiyo siyo yako tena.

Nne, waya wa moto ndio upite kwenye kontakti, siyo nyutro. Ukikata nyutro balbu inazima lakini bado ina moto, na mtu anayebadilisha balbu anajua imezima.

Tano, kila upande na fyuzi yake. Na kwa umeme wa 230 wa bandani, weka kile kifaa kinachokata chenyewe umeme ukivuja kufikia miliampea 30. Fyuzi hulinda nyaya, mtu inamsahau. Kazi yote ya 230 aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Mimi nina GPA, leseni sina.

Jumamosi tukajenga upya. Mimi nilikuwa naanza kuchora rilei ya pili kwa ajili ya kile kitaa cha mama, mzee akaniangalia akasema, "Kwani kitaa usikiunge tu sambamba na koili?" Nikabaki mdomo wazi. Koili inatumia volti 12. Kifaa cha joto kikiipa koili umeme, kitaa nacho kinapata umeme huohuo. Hakuna haja ya seti ya pili kabisa! Volti 12 zote zinabaki upande wa koili, volti 230 zote upande wa kontakti, ukuta katikati. Miaka mitatu darasani, na jibu limetoka kwa mzee aliyekuwa anatafuna muwa.

Ila nikamweleza mama ukweli: kitaa sasa kinaonyesha kuwa rilei imeamrishwa, hakithibitishi kuwa balbu zimewaka. Balbu ikiungua, kitaa hakijui. Mama akasema hilo halimsumbui. "Vifaranga wakisikia baridi wanalundikana, wakisikia joto wanakimbilia pembeni. Hao ndio wananiambia. Hako kataa kako kalikuwa kananisaidia kulala tu."

Kabla ya kurudisha umeme akaweka sharti moja. Nipime mbele yake, kila chuma cha sola anachoshika, na nipime kati ya chuma na ardhi. Nikapima kwa mita, kimoja kimoja, yeye ameshika tochi. Kisha mzee akagusa kwa testa, haikuwaka. Nikamweleza mama kuwa testa isipowaka siyo hati ya usalama, inaweza kuwa mbovu, uijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mimi sikumsikiliza hivyo yeye.

Jumapili wakati naondoka nikamwambia, mama, nisamehe, uliniambia mara mbili. Akanifungia ndizi na chupa ya maziwa, akasema, "Ndaga fijo kwa kuja." Basi. Ndoo nimeiona imerudi jikoni.

Somo la umeme nimeshaliandika hapo juu. Hili lingine ni fupi. Mtu akikwambia waya unauma, usimjibu kwa namba. Zima kwanza, zote mbili, halafu ndiyo upime. Aliyeushika ndiye anayejua, wewe uko kilomita 70 kutoka hapo na simu mkononi.

Vifaranga 94 wapo hai mpaka leo asubuhi, mama kanihesabia kwenye simu. Testa kainunua ya kwake, inaning'inia kwenye msumari mlangoni.

Test ya mashine za umeme ni keshokutwa na desa bado halijafunguliwa. Niombeeni.

Tuko pamoja.